Kukataa Bila Kupiga

Jumatano

Soma Kutoka 1:15–21, Danieli 3:13–18, Matendo 16:19–40. Watu hawa walikataa nini, na walikataa kwa njia gani?

Anayeingia makumbusho ya Kalenga, karibu na mji wa Iringa, huonyeshwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Agosti 1891 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Miaka mitatu baadaye mizinga ikaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi 1898, akajiua asikamatwe. Fuvu hilo lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Siku 18 baadaye, Julai 7, TANU ikazaliwa Dar es Salaam, na wajukuu wa wapiganaji wale wakaingia katika mapambano mengine, safari hii wakishika kadi ya chama badala ya mkuki.

Mapambano hayo nayo yalikuwa na uchungu wake. Serikali ya kikoloni iliweka uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ingawa Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine wote. Kwenye mkutano wa TANU uliofanyika Tabora, Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo, na jambo hilo likaitwa Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda, na Desemba 9, 1961 nchi ikapata uhuru bila vita.

Hata hivyo, anayesimulia ushindi peke yake hasemi kweli yote. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Hawakuchukua silaha. Walimtuma Kirilo Japhet hadi New York, akalieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Alisikilizwa, lakini safari ile haikuwarudishia ardhi. Na hata kule kusikilizwa kuliwezekana kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mkwawa hakuwa na baraza lolote la kumpelekea malalamiko. Wanaomhukumu harakaharaka wakumbuke hilo.

Watafiti wawili wa Marekani, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walichunguza harakati 323 za dunia nzima kati ya 1900 na 2006. Zile zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53. Zilizotumia silaha, kwa asilimia 26. Tofauti ni kubwa. Lakini mwana-Shule ya Sabato asiiruke hesabu inayobaki: karibu nusu ya waliokataa kwa amani hawakukipata kikamilifu walichokidai.

Sasa mtazame Paulo kule Filipi. Amechapwa viboko hadharani bila kuhukumiwa, miguu imefungwa kwenye mkatale. Usiku tetemeko linafungua milango yote, naye hakimbii. Kwa kubaki anaokoa maisha ya mlinzi wa gereza, aliyekwisha kuufuta upanga ajiue. Asubuhi makadhi wanatuma ujumbe kwamba waachwe waende. Wengi wangeshukuru na kushika njia. Paulo anakataa. Anataja uraia wake wa Kirumi, anasema walipigwa mbele ya watu wote na hawatatolewa kwa siri: makadhi waje wenyewe. Nao wakaja, wakawasihi.

Kwa nini alishikilia jambo hilo, na siku hiyo hiyo alikuwa anaondoka mjini? Andiko halielezi sababu yake. Lakini linaonyesha kwamba kabla ya kuondoka alipita nyumbani kwa Lidia kuwatia moyo ndugu. Hao ndio wangebaki Filipi, pamoja na mlinzi wa gereza na nyumba yake. Kama Paulo angetoka kimyakimya, wao wangebaki wakijulikana mjini kuwa wafuasi wa mhalifu. Hakumrushia mtu jiwe wala tusi, lakini hakukubali uovu ufunikwe.

Waadventista wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kupitia mitihani ya Sabato. Nchini Uganda wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walipeleka shauri lao Mahakama ya Katiba mwaka 2003, wakashindwa. Wakakata rufaa Mahakama ya Juu. Mwaka 2006 wakashindwa tena. Nchini Kenya kanisa lilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakubali hoja yake kuhusu wanafunzi kuitunza Sabato shuleni. Imani ni ile ile, njia ni ile ile ya amani, na hukumu mbili zinapingana. Wale wa Makerere hawakuwa na imani haba kuliko wa Kenya.

Ndiyo maana maneno ya Shadraka, Meshaki na Abednego ni mazito. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Walijibu kwa adabu, wakasimama pale pale walipokuwa. Uamuzi wao ulikuwa umekwisha kufanyika kabla tanuru halijaonyesha matokeo.

Kwa majadiliano

1. Wakunga Shifra na Pua walikataa amri ya Farao kwa siri; Paulo alidai haki yake waziwazi. Ni mazingira gani yanayofaa kila njia? Linganisha na Warumi 13:1–7 na Matendo 5:29.

2. Mzazi amesikia kwamba mtihani wa mwanawe umepangwa Jumamosi asubuhi. Kabla hajamwona mwalimu mkuu, anamtukana kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hakupiga mtu. Je, amefanya alichofanya Paulo?

3. Mwanafunzi aliyekataa kufanya mtihani siku ya Sabato amerudi nyumbani Mbeya bila cheti. Wenzake wa rika wanaendelea na chuo. Kundi lenu litamwambia nini, na litamfanyia nini, kuanzia juma hili?