Mlinzi wa Virunga na makala ya mama

Jumamosi tulikaa na kikundi chetu cha vijana chini ya mti, hapa Nakivale, nikawaelezea walinzi wa mbuga ya Virunga, kule kwetu Kivu ya Kaskazini. Kijana mmoja akacheka. "Kaka, mtu kufa kwa ajili ya gorila, hiyo ni akili gani? Sisi watu, nani anatulinda?"

Sikumkasirikia. Mtu aliyekimbia na nguo moja ana haki ya kuuliza hivyo.

Virunga ni mbuga ya tangu 1925, na walinzi zaidi ya 200 wameshauawa mle. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walikufa 12 siku moja, pamoja na dereva na raia wanne. Mbuga yenyewe ilieleza kwamba walinzi hao walikuta gari la raia linapigwa risasi, wakaingia kusaidia. Nikamwambia yule kijana: hao hawakufa kwa ajili ya gorila. Walikufa kwa ajili ya watu kama wewe na mimi.

Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda, kumbe bado.

Maana adui wa mlinzi si mwindaji peke yake. Kuna makala. Miti inakatwa ndani ya mbuga, inachomwa, magunia yanashuka Goma, na njiani vikundi vya silaha vinatoza ushuru. Mwezi wa saba 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, maiti zikaachwa pale pale. Hakuna aliyechukua nyama. Wengi waliona mkono wa biashara ya makala. Na wakimbizi wa 1994, waliowekwa kandokando ya mbuga, walikata kuni humo humo kwa sababu chakula hakiivi kwa jua. Wangefanya nini?

Ndipo dada mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akaniuliza: "Kaka, kwenu mlikuwa mnapikia nini?"

Mama yangu aliuza makala. Alipima kwa kopo, mbele ya nyumba. Pesa yangu ya shule, mpaka nikamaliza sekondari, ilitoka kwenye yale magunia, na hata siku moja sikuuliza yametoka msitu gani. Mama pia hakuuliza. Angeuliza, tungelala njaa.

Kwa hiyo mlinzi anayelinyang'anya gunia naona yuko sawa, na mama anayelinunua siwezi kumwita mwizi. Nimejaribu kuchagua mmoja, nashindwa. Ila jambo moja linanichoma: sisi wanunuzi tulikuwa tunalala nyumbani, na yule mlinzi alikuwa anakufa peke yake huko juu, sisi tukimwita adui wa maskini.

Nilimjibu yule dada ukweli. Akatikisa kichwa, akasema baba yake mdogo alikuwa mlinzi. Kisha akainuka kwenda kuangalia maharage yake kwenye jiko. Hapa pia tunapikia makala.