Maji ya Katuma ni ya Nani?

Mgeni alalaye Makanyagio, mjini Mpanda, alfajiri hushika njia ya kusini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Kiangazi, Mto Katuma hupungua ukabaki madimbwi, na viboko kwa mamia hubanana matopeni, mgongo juu ya mgongo. Mgeni hustaajabu, akapiga picha. Jioni hurudi Makanyagio, akala wali.

Hapo ndipo penye swali. Maji aliyoyakosa kiboko, baadhi yake yalizuiliwa huko juu kumwagilia mpunga. Je, mkulima ni mwizi? Hasha, naye ana watoto. Basi mwenye haki ni nani: aliyetangulia kuyafikia maji, au asiye na ulimi wa kuyadai?

Wabende husimulia kuwa roho ya mwindaji Katabi hukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi, nao humwekea sadaka hapo. Kumbe mwenye kuchukua huomba kwanza. Nionavyo, mto ni amana, si mali. Wa juu anywe, amwagilie, ila amkumbuke wa chini. Nasi tulao wali, deni hilo tusimwachie mkulima peke yake.