Kiti cha Mwenzangu

Pasipoti zetu zilirudi kutoka Dar es Salaam kwa basi, ndani ya bahasha moja, na mimi ndiye niliyeifungua, pale stendi ya Nachingwea. Yangu ilikuwa na viza. Ya mwenzangu ilikuwa na karatasi. Katika karatasi ile kulikuwa na orodha ya sababu, na mbele ya moja yake alama: haikuaminika kwamba angeondoka Ulaya kabla ya viza yake kwisha muda.

Yeye alikuwa Ruangwa, hajui lolote. Ningeweza kumpigia simu. Nikapanda gari nikaenda, kwa sababu habari ya namna ile haifai kupelekwa kwa simu, na pia, niseme kweli, kwa sababu nilitaka muda wa kufikiri kabla hajaniuliza swali nililokuwa nalo tayari kichwani. Je, niende peke yangu?

Tulikuwa watu wanne katika kazi ile. Mpiga klarineti kutoka Ujerumani, mrekodi sauti kutoka Ufaransa, mwenzangu mchongaji wa Ruangwa, na mimi ninayeandika. Kazi yenyewe ilihusu mpingo. Mti huu unaota katika misitu yetu ya Lindi, na ndio unaotumika kutengeneza klarineti na zumari nyingi za okestra za Ulaya. Tulitaka kuweka jukwaa moja sauti za mti huo tangu shoka hadi muziki: tezo ikipiga, patasi ikikwangua, msasa ukipita, kisha klarineti ikijibu. Mwenzangu angechonga mbele ya watu. Mimi ningesoma.

Wale wawili wa Ulaya walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mitatu. Mmoja hupanda treni asubuhi, jioni yuko kwa mwenzake. Mkataba wa Schengen ulitiwa saini mwaka 1985, ukaanza kutumika mwaka 1995, na leo unaunganisha nchi 29. Kwa msanii chipukizi wa huko, mpaka ni kibao kando ya barabara. Hata walipotueleza jinsi walivyokutana, hawakutaja mpaka wowote, kama vile mimi nisivyotaja mpaka wa Nachingwea na Ruangwa ninapoeleza jinsi nilivyomjua mchongaji wangu.

Sisi tulisafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam ili tuwekwe alama za vidole. Tulilipa ada ya yuro 90 kila mmoja, ada ambayo hairudishwi ukinyimwa. Mimi nina ajira ya kufundisha, kwa hiyo mshahara wangu unaonekana benki kila mwezi. Taarifa ya benki ya mwenzangu ilionyesha kitu ambacho kila mkulima wa kwetu anakijua: fedha huingia baada ya minada ya korosho, mwisho wa mwaka, kisha akaunti hukaa kimya hadi msimu mwingine. Mke, watoto wawili, mikorosho, na mjomba mzee aliyemfundisha kuchonga, haya yote ndiyo yangemrudisha nyumbani, lakini hayana stakabadhi.

Jambo lililoniuma zaidi nilikuja kulijua baadaye. Tangu mwaka 2017 mpingo nao uko katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo hauvuki mipaka bila vibali. Lakini mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo. Ukiwa gogo, unaulizwa. Ukiwa klarineti, unapita.

Nilipomwonyesha karatasi, mwenzangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya boksi la patasi. Akasema, "Nenda, kaka. Tukikosekana wote wawili, tutakuwa tumejinyima wenyewe."

Nikaenda. Sikuwahi kujilaumu kwa kwenda, ingawa rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam anaona nilikosea. Hoja yake ni kwamba kila anayepita kwenye lango lisilo la haki analihalalisha. Namwelewa. Ila sioni jinsi kubaki kwangu kungemfungulia mwenzangu lango hilo. Kungeongeza kiti kitupu cha pili, na watu wa ukumbini wangesikiliza klarineti ikizungumza peke yake, kama ilivyozoea.

Kosa langu lilikuwa jingine, na nililifanya nikiwa nimeshafika.

Baada ya onyesho kulikuwa na maswali. Mama mmoja aliuliza: mchongaji huanzaje? Anajuaje umbo lililomo ndani ya mti? Nilitazama upande wangu wa kushoto, palipokuwa na kigoda cha mwenzangu na tezo juu yake. Nilijua kabisa kwamba swali lile halikuwa langu. Nikashika kipaza sauti nikajibu. Nilisema kwamba kwetu mchongaji husikiliza mti kwanza, hukaa nao kimya, mpaka umbo limjie lenyewe. Watu walipiga makofi. Baadaye wawili walikuja kuniambia kwamba jibu lile ndilo lililowagusa kuliko yote.

Niliporudi Ruangwa nilimsimulia, na yeye akacheka mpaka akaweka tezo chini. Kisha akanyamaza. "Mimi huanza kwa kutafuta ufa," akasema. "Mpingo unapasuka ndani. Usipoujua ufa uko wapi, utachonga wiki mbili halafu kazi yote ikugawanyikie mkononi. Mjomba alinifundisha kugonga na kusikiliza ufa. Hayo mengine sijui umeyatoa wapi."

Nilijua nilikoyatoa. Niliyatoa mle ukumbini, katika nyuso za watu waliotaka kuyasikia.

Tangu siku hiyo nimelifikiria suala hili kwa namna nyingine. Viza ilimnyima mwenzangu safari, na hilo lilifanywa na watu nisiowajua. Sauti yake nilimnyima mimi. Yeye hakuwapo, mimi nikawa yeye, na kila mtu akaridhika: waandaaji walipata mchongaji wa kusimuliwa, hadhira ikapata hekima, nami nikapata makofi. Mpaka unamzuia mtu mmoja. Aliyepita ndiye anayeweza kumfuta kabisa.

Si jambo jipya huku kusini. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu, akarekodi nyimbo za watu. Sauti zilisafiri hadi Ulaya na wenyewe wakabaki. Weule akarudi kwao akaandika kitabu akieleza watu hao ni nani. Nilikuwa nikimsoma kwa hasira kidogo. Sasa namsoma kwa tahadhari, maana mimi nilirudia kazi yake kwa dakika tatu, tena juu ya rafiki yangu.

Lakini Nachingwea ina kumbukumbu nyingine pia. Kuanzia miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao hapa, mahali panapojulikana kama Farm 17. Walikuwa wageni waliovuka Ruvuma. Walifanya mazoezi ya vita, walilima, waliimba, na watu wa makabila mbalimbali ya nchi yao wakajifunza ngoma za wenzao. Ugeni wao ulikuwa na kazi ndani yake. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kama njia ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naisoma kinyume: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Anayepewa chai na kupigwa picha siku zote, bila kuguswa na kazi wala bajeti wala uamuzi, anabaki katika siku ya kwanza.

Ndivyo sisi wawili tulivyokuwa katika kazi ile. Na ndivyo tulivyowafanya wale wawili walipokuja kwetu mara ya kwanza: tuliwachinjia kuku, tukawaonyesha msitu, hatukuwaachia hata kubeba gogo.

Awamu ya pili tuliifanyia Ruangwa. Tulikubaliana mambo machache kabla. Bajeti ilisomwa na wote wanne, mstari kwa mstari, na malipo yakawa sawa, aliyevuka mpaka na asiyevuka. Swali linalomhusu asiyekuwapo linajibiwa naye kwa simu, au linajibiwa "sijui". Neno hilo ni gumu jukwaani. Nimelitumia mara mbili mpaka sasa, na mara zote mbili ukumbi ulinyamaza vibaya.

Siku ya tatu mwenzangu alimpa mpiga klarineti tezo na kipande cha mpingo. Kufikia mchana mikono yake ilikuwa na malengelenge na kipande kimepasuka katikati. Alikitazama akauliza kosa lilikuwa wapi. Mwenzangu alikigonga mara moja kwa kifundo cha kidole, akamwambia asikilize.

Safari hii nilikaa kimya.