Mtoto wa Mtae Aandikwe Nani?



Barua imetufikia kutoka Mtae, kule mwisho wa barabara ya Usambara, ambako nyumba zimekaa ukingoni mwa mlima na mawingu hulala chini ya miguu ya watu. Aliyeiandika ni baba wa watoto wanne, mkulima. Ametupa ruhusa kuutaja mlima, si nyumba yake. Asema mkewe amejifungua, na mtoto haijulikani wazi kama ni wa kiume au wa kike. Bibi wa mtoto ameagiza mlango ufungwe, na majirani waambiwe kwamba mama hajapata nguvu. Naye baba atuuliza: je, mtoto wa namna hiyo aweza kubatizwa? Na akibatizwa, kitabuni aandikwe nani?

Chini kabisa ya barua, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, ameongeza kwamba mtoto ana siku kumi na mbili, hanyonyi kama mwanzo, na hutapika.

Hatukungoja gazeti litoke. Tulimpigia simu saa ile ile, tukamwambia habari ya kitabu ingoje, mtoto apelekwe hospitali.

Sababu ni hii, nasi twaomba kila mama na kila mkunga aisome mara mbili. Juu ya kila figo Mungu ameweka tezi ndogo, nazo hutoa homoni zinazouzuia mwili usipoteze chumvi. Wako watoto waliorithi kwa baba na mama kasoro inayozifanya tezi hizo zishindwe kazi yake, na badala yake zitoe kwa wingi homoni za kiume. Mtoto wa kike mwenye hali hiyo ana tumbo la uzazi kamili ndani, lakini kwa nje aweza kuonekana kama mvulana, au asielezeke. Hilo halimwui. Kinachomwua ni chumvi inayomtoka: katika juma la kwanza, la pili au la tatu huanza kutapika, hulegea, hukauka maji, na asipotibiwa hufa. (Ndugu zake wa kiume wenye kasoro iyo hiyo huonekana wa kawaida kabisa, na kwa hiyo wengi hufa bila mtu kujua walikufa kwa nini.) Dawa ipo. Ni vidonge vya kila siku maisha yote, na mtoto hukua, husoma, hata aweza kuja kuzaa. Mlango ule aliouagiza bibi ufungwe ungaliweza kumwua mjukuu wake bila yeye kukusudia.

Si kila huntha, au mtoto wa jinsi tata kama madaktari wasemavyo siku hizi, ana ugonjwa huo. Sababu ni nyingi, na nyingine hazigusi uhai. Lakini hakuna awezaye kuzitenga kwa macho. Lazima damu ipimwe. Kwa watu wa Mtae hospitali ya Lushoto ndiyo ya kwanza, kisha Bombo kule Tanga, au KCMC Moshi.

Sasa habari ya kitabu. Kanuni ya 867 ya Sheria ya Kanisa yawataka wazazi wawabatizishe watoto wao katika majuma ya kwanza, na mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Kanuni ya 877 yataja yanayopaswa kuandikwa: jina, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na siku ya ubatizo, mahali na siku ya kuzaliwa. Jinsi haimo. Kama kitabu cha parokia fulani kimepigwa chapa chenye safu ya namna hiyo, safu hiyo ni ya mpiga chapa. Tena lugha yetu yatusaidia, kwani Padre asemapo maneno ya ubatizo, Kiswahili hakimwulizi mtoto jambo lo lote. Achaguliwe jina linalowafaa wote. Imani ni jina la wavulana na la wasichana.

Kuhusu bibi, twasema kwa heshima, maana hofu yake hakuibuni yeye. Wazee wetu walimwogopa kigego, yaani mtoto aliyeota kwanza meno ya juu. Walimhesabu kuwa mkosi, na desturi ilikuwa auawe. Lakini Wasambaa wakumbuke wametawaliwa na nani. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, asimulia kwamba Mbega mwenyewe alikuwa kigego. Wazazi wake hawakumtupa. Walipokufa, jamaa zake walimnyima urithi kwa sababu ya meno yale, akaondoka Nguu na mbwa wake, akiwinda nguruwe, hata Wasambaa wakamfanya mfalme wao huko Vugha. Kama mkunga wa Nguu angaliifuata desturi, pasingalikuwako Mkilindi hata mmoja. Na hofu hii si ya Usambara peke yake. Magharibi mwa Kenya wakunga wamekiri hadharani kwamba zamani huntha waliuawa mara wazaliwapo, na tendo hilo waliliita kuvunja kiazi kitamu.

Kuna msomaji atakayetukumbusha kwamba Mungu aliumba mume na mke. Kweli, nasi twaamini hivyo. Lakini na afungue Mateo, sura ya 19. Bwana wetu ayataja maneno hayo ya Mwanzo katika mstari wa 4. Na katika mstari wa 12, midomo ile ile yawataja watu waliozaliwa tumboni mwa mama zao katika hali isiyo ya ndoa. Hakuwalaani, wala hakuuliza nani alikosa. Na yule Mwethiopia wa sura ya 8 ya Matendo ya Mitume alikuwa towashi. Hatusemi towashi na huntha ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba Torati ilikuwa imewafungia mlango watu wenye mwili kama wake, na alipoyaona maji akauliza kama kuna kizuizi, Filipo alishuka naye majini.

Majirani nao wana midomo. Wapo watakaomwita mtoto huyu majina ya watu wenye kutamani wa jinsi yao. Mtoto wa siku kumi na mbili hatamani kitu ila ziwa la mama yake! Na hata juu ya watu wazima wenye mwelekeo huo, Kanisa, ambalo halikubadili mafundisho yake ya ndoa na usafi wa moyo, lataka katika Katekisimu, namba 2358, wapokewe kwa heshima na huruma. Hati ya Dignitas Infinita ya mwaka 2024 yalaani kwamba mahali pengine hufungwa na kuteswa kwa sababu ya hali hiyo tu. Mwaka 2018, ilipotangazwa Dar es Salaam kwamba wasakwe na raia wapeleke majina yao, Serikali yenyewe ilisema huo si msimamo wake. Hati hiyo hiyo yakataa kubadili jinsi, lakini yasema mtu ambaye mwili wake una kasoro tangu kuzaliwa aweza kutafuta tiba, na jambo hilo ni lingine. Sisi twaongeza: tiba iokoayo uhai isingoje hata saa moja, kisu kisicho cha lazima kingoje mpaka mtoto aweze kusema.

Kwa jirani zetu Kenya, mtoto mmoja aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsi, na kesi yake iliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2014. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja.

Turudi Mtae. Katekista alimbatiza mtoto usiku ule, kabla ya basi la alfajiri kuteremka. Tunapopeleka ukurasa huu mtamboni, yuko Moshi, ametiwa maji na chumvi mshipani, na ameanza tena kunyonya. Baba ameuliza kama ibada zilizobaki zitakapotimizwa kanisani msimamizi mmoja atosha, na kama bibi aruhusiwa kuwa msimamizi. Mmoja atosha, na kanuni haimkatazi bibi.