Shubiri Moja ya Ardhi



Juzi baada ya swala ya Isha, ndugu mmoja aliniambia: "Usimlaumu Idi Amin kwa Kagera. Alikuwa Mwislamu mwenzetu." Nikanyamaza. Tangu hapo kimya changu kinanisuta.

Mwaka 1976 Amin alidai sehemu za Kenya na Sudan kuwa ni za Uganda. Novemba 1978, askari wake wakiwa wameshavuka mpaka wa Tanzania, alitangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Raia waliuawa, mifugo ikaporwa. Tanzania ikajibu, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Baadaye, hapa kwetu, Waislamu wasiohusika kabisa na Kagera waliuawa kwa kisasi.

Ni kweli, mpaka ule ulichorwa na wakoloni. Lakini waliolala kando yake walikuwa waja wa Allah. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayedhulumu ardhi hata shubiri moja, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba. Onyo hilo halikumwacha Mwislamu nje. Na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Mtume pia ametufundisha kuwa kumsaidia ndugu anayedhulumu ni kumzuia. Amin hatuwezi kumzuia tena. Tunaweza kuzuia ndimi zetu zisimtetee.

Ijumaa, inshallah, nitamrudia ndugu yangu nimwambie haya.

Wabillahi tawfiq.