Siku 180 za Nani?

Mwezi Mei 2015, waziri wa kilimo wa Australia, Barnaby Joyce, aliwapa mwigizaji Johnny Depp na Amber Heard, mkewe wakati huo, onyo la wazi: mbwa wao wawili, Pistol na Boo, waondoke nchini, la sivyo watauawa. Walikuwa wameingia Queensland kwa ndege binafsi, bila kibali wala karantini. Mbwa wakarudishwa Marekani upesi. Mwaka uliofuata Heard alikiri mahakamani kwamba fomu yake ya kuingia nchini ilikuwa na taarifa ya uongo. Dunia ilicheka, lakini waliokosea walikuwa watu, na waliotishiwa kifo ni mbwa.

Mnyama hajazi fomu. Hakuulizwa kama anataka kuhama. Basi anayemchukua anadaiwa nini, awe tajiri wa Hollywood au mwalimu wa Nairobi aliyepata kazi Berlin?

Tuanze na huyo mwalimu na paka wake. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi zenye masharti nafuu, kwa hiyo utaratibu ni mrefu. Kwanza chipu chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, maana chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Siku 30 zikipita, damu inachukuliwa na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa kupima kingamwili. Matokeo yakiwa mazuri, bado kuna miezi 3 ya kungoja tangu siku damu ilipotolewa. Japani hudai chanjo mbili na kungoja siku 180. Australia haimpokei kabisa mnyama anayetoka Kenya moja kwa moja. Lazima apitie nchi iliyoidhinishwa.

Kungoja kote huko kuna sababu. Virusi vya kichaa huweza kukaa mwilini kwa wiki, hata miezi, kabla ya dalili yoyote. Mbwa aliyeng'atwa siku chache kabla ya kuchanjwa anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya safari. Muda tu ndio unaomfichua.

Swali la kimaadili basi ni hili: muda huo ulipwe na nani? Hadi mwaka 2000, Uingereza iliwafungia mbwa na paka waliotoka nje kwa miezi 6, hata mwenye mnyama angekuwa mwangalifu vipi. Mwaka huo ndipo ulipoanza mpango wa chipu, chanjo na kipimo cha damu, kwanza kwa wanyama wa baadhi ya nchi. Mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kama habari ya afya ya wanyama tu, lakini yalikuwa makubwa kuliko hapo, kwa sababu yalimwezesha binadamu kubeba mzigo ambao hapo awali ulimwangukia mnyama. Sasa paka anaweza kungoja nyumbani kwake, juu ya kiti chake, akila kwa wakati wake. Anayechelewa kuanza hafuti zile siku. Anamwachia mnyama azilipe. Mnyama anayefika Japani kabla ya siku 180 kutimia huweza kuzuiliwa hadi zitimie. Huko Australia, kituo cha Mickleham kilichoko Victoria humweka mnyama siku 10 ikiwa utambulisho wake ulithibitishwa rasmi kabla ya kipimo cha damu, na siku 30 ikiwa sivyo.

Immanuel Kant aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu atunzwe uzeeni, lakini akaeleza kuwa wajibu huo kwa hakika ni kwa wanadamu: anayemtesa mnyama atakuja kuwatesa watu. Karne tano kabla yake, Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki Misri mwaka 1262, alilisema jambo hilo kwa namna nyingine. Aliorodhesha haki ambazo mnyama mwenyewe anazo juu ya binadamu, mojawapo ikiwa kulishwa hata akizeeka au kuugua na asiwe na faida tena. Huyu wa pili alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi. Paka aliye kizimbani ndiye anayeumia, si tabia ya mwenye paka.

Wapo wanaouliza: kama mnyama ana haki, kwa nini afungwe hata kidogo kwa ajili ya ugonjwa asio nao? Jibu liko katika mafundisho yaleyale ya Uislamu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alisimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwachia akajitafutie, na pia alikataza ngamia wagonjwa kupelekwa pamoja na wazima. Rehema na tahadhari zilifundishwa kwa kinywa kimoja. Mnyama wa jirani ana haki, na mtoto wa jirani vilevile.

Pemba wanalijua hili. Utafiti uliofuatilia kichaa cha mbwa kisiwani humo tangu 2010 hadi 2020 ulionyesha kuwa ugonjwa ulitoweka kufikia Mei 2014 baada ya mbwa kuchanjwa kisiwa kizima. Chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingizwa tena kutoka nje mara mbili, na mlipuko uliofuata haukuzimwa hadi Oktoba 2018, chanjo ziliporejeshwa. Dalili za ugonjwa huu zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mtu wa Pemba hahitaji kushawishiwa kwamba kisiwa kina haki ya kuuliza maswali bandarini.

Lakini sheria huishia kwenye cheti. Haimlazimishi mtu kukifungua kizimba sebuleni wiki nyingi kabla ya safari, kuweka humo blanketi na chakula, hadi mnyama aingie mwenyewe na kulala. Madaktari wa mifugo kwa kawaida hukataza dawa za usingizi ndani ya ndege, kwa kuwa huweza kuvuruga upumuaji na msukumo wa damu, kwa hiyo mazoea hayo ndiyo kitulizo chake kikuu. Mashirika mengi ya ndege huwakataa mbwa na paka wenye pua bapa, ambao hupumua kwa shida hata chini ya mwembe. Kwa mnyama wa aina hiyo, au mzee, au mgonjwa wa moyo, upendo unaosema "siwezi kuishi bila yeye" unapaswa kuhojiwa vikali. Ni haja ya nani inayosafirishwa?

Aliyeambiwa aripoti kazini Melbourne mwezi ujao hana njia halali ya kwenda na paka wake kutoka Nairobi. Anaweza kumwacha kwa dada yake au kwa jirani ambaye paka amemzoea, pamoja na kadi ya chanjo, namba ya daktari wa mifugo na fedha za chakula zitakazotumwa kila mwezi kwa M-Pesa, maadamu paka yu hai.