Bastola Iaminikayo na Mkono Uaminikao

Mtu abebaye fedha za mnada wa ng'ombe huko Handeni, au mwenye duka afungaye usiku mjini Korogwe, akipata leseni ya silaha huuliza kwanza: ni bastola ya kiwanda gani iliyo bora? Huyu atamsifia Glock, yule Beretta, wa tatu CZ. Na wote watataja maneno mawili, kuaminika na thamani. Swali hilo si la kipuuzi. Twapenda kulijibu kwa haki, kisha kuyapima maneno hayo mawili.

Jamaa ya Beretta, huko Italia, hufua mitutu tangu mwaka 1526. Browning Hi-Power ya kiwanda cha FN, Ubelgiji, ilitoka mwaka 1935 ikabebwa na majeshi ya nchi nyingi. CZ 75 ilizaliwa Chekoslovakia mwaka 1975. Glock 17, yenye kiunzi cha plastiki, ilichaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982. Zote hujipakia kwa njia moja: nguvu ya risasi iliyolia hurudisha nyuma chuma cha juu, ganda hutupwa nje, na springi ya magazini huinua risasi nyingine. Zikitunzwa, tofauti zao ni ndogo kuliko kelele za wazisifuo. Mara nyingi kinachozikwamisha ni vumbi, ukosefu wa mafuta, risasi mbovu au springi iliyochoka. Anunuaye jina kubwa asilisafishe, amenunua jina tu.

Lakini kuaminika ni nini? Wengi hudhani ni kulia kila inapofyatuliwa. Hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kutolia pasipotakiwa. Mwezi wa Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer, ya jamii ya P320, ichukue nafasi ya Beretta iliyochaguliwa mwaka 1985. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule kampuni ilitangaza kuzirekebisha P320 zilizokwisha kuuzwa kwa raia, kwa maana majaribio yalionyesha kwamba zikianguka vibaya zaweza kulia pasipo kidole cha mtu. Silaha iliyoshinda mashindano makubwa ilikuwa bado haijajua kunyamaza.

Na mwenye silaha je, yeye ajua kunyamaza? Wazee wetu wa Uzigua walijua gobore. Baruti ikilowa, halilii; likilia mara moja, mwenyewe hana budi kulishindilia upya. Katika kulishindilia, hasira hupoa, aliyekosa hukimbia, jirani hufika. Hatulisifu gobore, kwani nalo limeua wengi. Twasema tu kwamba udhaifu wake ulimpa mtu nafasi ya kufikiri ambayo hakuiomba. Bastola njema haitoi nafasi hiyo. Fundi ameondoa shaka yote katika chuma. Shaka iliyobaki imo ndani ya mtu aishikaye. Kwa hiyo kadiri silaha izidivyo kuaminika, ndivyo mwenyewe apaswavyo kuaminika zaidi.

Tutajibiwa kwamba mnyang'anyi hangoji hoja, na kwamba usiku msaada u mbali. Ni kweli, wala hatumwambii mwenye watoto asiwalinde. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ni halali mtu kuzuia nguvu kwa nguvu, ila kwa kiasi. Apitaye kiasi amekosa, hata kama alianza kwa haki. Lakini kiasi hicho hakiuzwi pamoja na bastola. Nacho hakionekani usiku wa mnyang'anyi peke yake. Huonekana zaidi katika ugomvi wa mpaka wa shamba, katika wivu wa nyumbani, mezani penye pombe.

Na thamani? Nchi hii yajua bei ya bunduki. Katika karne ya 19 Wazigua walizipata mapema kwa biashara ya pwani. Alipokufa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, mwaka 1862, ukoo wake ulifarakana. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, katika wilaya iitwayo leo Korogwe, palipopita misafara, akajikusanyia bunduki na baruti. Vita vile vililipiwa kwa pembe za ndovu na kwa watu: mateka walishuka pwani, bunduki zikapanda bara. Bila shaka bunduki zile nazo zilipimwa, hii nzuri, ile mbovu. Lakini bei yake ilikuwa mtoto wa mtu.

Basi anayetaka kununua na ajiulize kwanza: je, nikiudhiwa naweza kungoja hata kesho? Nikinywa, mkono wangu wanijua? Mtoto wangu aweza kufikia nilipoificha? Sheria ya silaha ya mwaka 2015 yadai leseni, na ni vema. Lakini hakuna ofisi iwezayo kuona moyoni. Ajuaye kwamba hasira humshinda, akaacha kwa hiari yake kuiomba leseni hiyo, hatumwiti mwoga. Huyo amejipima kwa ukali kuliko mafundi wanavyoipima bastola, na jirani zake hulala salama kwa sababu yake, ingawa hawatajua kamwe.